Barua ya wazi kwa akina mama na mabinti wa Kadutu kuhusu uvimbe wa titi usiouma

Kwenu akina mama wa likelemba, kikundi chetu cha kuchangiana pesa kwa zamu, waimbaji wa kwaya, wauzaji wa soko la Kadutu, na mabinti zenu mnaodhani kwamba jambo hili haliwahusu,

Ninawasalimu kwa heshima, lakini nina hasira na sitaificha. Kwenye matanga ya mwenzetu tuliyemzika juzijuzi nilisikia watu wakinong'onezana kwamba alitiliwa karuho, yaani sumu, na wengine kwamba amerogwa na mke mwenza. Hakuna aliyetamka neno kansa, ilhali sisi tuliomwosha marehemu tuliliona titi lake. Muda mrefu kabla ya kulala kitandani, mama huyo alikuwa amegusa kitu kigumu alipokuwa akioga, akamwambia dada yake. Dada akamuuliza kama kinauma. Akajibu kwamba hakiumi, basi wakamshukuru Mungu na kuendelea na kazi.

Swali hilo moja, "kinauma?", linatumalizia watu. Tumelelewa tukipima ugonjwa kwa maumivu: malaria inagonga kichwa, jino linanyima usingizi, uchungu wa uzazi unamwamsha mtu usiku. Kansa ya titi, inapoanza, mara nyingi haiumi hata kidogo, na siku inapoanza kuuma huenda imekwisha kufika kwapani, au hata kwenye mifupa, mapafu na ini. Kumbe matiti yote mawili yakijaa na kuuma siku chache kabla ya hedhi, kwa kawaida hilo silo la kuogofya. Nimewaona mabinti wakipelekwa kwa muganga wa hospitali haraka kwa sababu ya maumivu ya namna hiyo, huku mama zao, wenye uvimbe mgumu ulio kimya, wakiendelea kuketi sokoni wakipima unga. Nimeona uvimbe ukikandikwa majani, ukichanjwa chale, ukipakwa mafuta katika chumba cha maombi kwa miezi, mpaka ngozi ikapasuka. Mimi ni mtu wa sala, na ninasema wazi kwamba mchungaji anayemzuia mgonjwa asiende hospitali anatenda dhambi. Aombe, kisha amsindikize.

Msinielewe vibaya, mabinti zangu, mkaanza kulia kila mnapogusa kitu. Uvimbe mwingi wa titi si kansa: mwingine ni kifuko cha maji, mwingine ni nyama ngumu isiyo na madhara, hasa kwa wasichana. Lakini vidole haviwezi kuitambua tofauti hiyo, wala macho ya jirani hayawezi. Kinachojibu ni ekografia, ile picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, au kipande kidogo cha nyama kilichotolewa na kupimwa.

Kujipima kwenyewe hakuchukui muda. Ngojeni hedhi iishe siku chache, na ninyi mliokwisha koma hedhi mchague tarehe moja ya mwezi. Tazameni kwanza mbele ya kioo, mikono ikiwa chini, kisha ikiwa juu. Halafu tumieni upande wa ndani wa vidole vitatu vya katikati, si ncha, mkizunguka titi lote polepole, kwa kugusa juu juu na kisha kwa kukandamiza, mpaka kwapani na karibu na mtulinga, ule mfupa ulio chini ya shingo. Uvimbe hata ukiwa mdogo kama punje ya harage, ngozi iliyovutwa ndani au kuwa na vishimo kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani ilhali zamani haikuwa hivyo, damu inayotoka kwenye chuchu, kidonda kisichopona: mpelekeeni muganga, iwe kinauma au hakiumi. Baba pia hupata kansa hii, ingawa ni mara chache.

Hapa nawageukia wale wanaokuja kila Oktoba, mwezi wa kampeni ya kansa ya titi, kutugawia vitambaa vya rangi ya waridi, wakatufundisha kujigusa na kuondoka. Huko Shanghai, wanawake wa viwanda vya nguo wapatao 266,000 walifuatiliwa kwa miaka, nusu yao wakiwa wamefundishwa kujipima, na matokeo ya mwaka 2002 yalionyesha kwamba fundisho hilo peke yake halikupunguza vifo. Lakini kule Mumbai, ambako wahudumu wa afya walioandaliwa waliwapima wanawake kwa mikono yao kila baada ya miaka miwili, matokeo yaliyotolewa mwaka 2021 yalionyesha vifo vimepungua kwa karibu 30% miongoni mwa waliofikia umri wa miaka 50 na kuendelea. Kwa hiyo ujue mwili wako, lakini unapopeleka mtoto kwenye chanjo, mwombe pia muuguzi akupime titi. Na wenye mamlaka wawafundishe wauguzi wa vituo vya afya kazi hiyo, badala ya kumrudisha mama nyumbani na vidonge vya maumivu. Shirika la Afya Duniani linataka uchunguzi uwe umekamilika ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike mara ya kwanza. Kwetu, siku hizo zinaliwa na kutafuta pesa.

Najua pia mnachokiogopa na hamkisemi: kukatwa titi, na mume kuondoka. Binti yangu, titi likikatwa, mama anabaki, na watoto wake wanabaki na mama. Mji huu wa Bukavu, ambao Daktari Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi aliuletea Nobeli ya Amani mwaka 2018 kwa kuwatibu wanawake walioumizwa vitani, haustahili kuwa mji ambamo mwanamke anaona haya kumwonyesha muganga mwili wake. Nanyi waume, mkeo akikuambia amegusa kitu, usimuulize kama kinauma. Muulize mtaondoka saa ngapi.

Katika likelemba yetu napendekeza kwamba kila mzunguko, kabla anayepokea hajapokea, tutenge sehemu ya kulipia ekografia na usafiri wa yeyote aliyegusa uvimbe. Na asiende peke yake: mmoja wetu amsindikize, aingie naye, asikie maneno ya muganga na kuandika tarehe ya kurudi. Yupo mmoja aliyenivuta pembeni baada ya mazishi, na sitamtaja. Jumatatu asubuhi ninakwenda naye, na anayetaka kuungana nasi aje kwangu kabla jua halijachomoza.

Mama yenu mzee,
Kadutu, Bukavu