Tabaka la tatu linarukwa sana kwenye somo la fuwele

Mhariri,

Naomba nafasi niongelee jinsi atomu zinavyopangana kwenye fuwele, yaani vitu vigumu ambavyo atomu zake zimejipanga kwa utaratibu, manake naona somo hili linafundishwa nusunusu, mwanafunzi anakariri asilimia 74, 68 na 52 (yaani sehemu ya nafasi inayojazwa na atomu kwenye kila mpangilio), anajibu mtihani, basi, imeisha hiyo, na hajui hizo namba zinamwambia nini kuhusu shaba au chuma.

Chukua gololi za saizi moja, ziwe mfano wa atomu, uzipange mezani zibanane, kila moja itazungukwa na sita, hapo hakuna ubishi. Tabaka la pili linakaa kwenye vishimo vya lile la kwanza ila sio vyote, ukijaza kimoja vya jirani vinazibwa, kwa hiyo nusu vinajaa na nusu vinabaki. Sasa tabaka la tatu ndo penyewe!! Lina njia mbili tu, ama gololi zikae wima juu ya zile za tabaka la kwanza, au zikae juu ya vile vishimo vilivyobaki wazi. Ile ya kwanza ndo ya magnesiamu na zinki, ya pili ndo ya shaba, alumini, fedha na dhahabu. Zote mbili zinajaza nafasi ileile, asilimia 74, na kila tufe linagusana na wenzake 12. Mwanafalaki Johannes Kepler alishasema tangu 1611 kwamba hakuna mpangilio utakaozidi hapo, lakini kusema ni kitu kimoja na kuthibitisha ni kingine, mpaka 1998 ndo mwanahisabati Thomas Hales akatoa uthibitisho akisaidiwa na kompyuta, na ukaguzi wake wa hatua kwa hatua ukaja kukamilika 2014.

Ila asilimia kuwa sawa haina maana tabia ni sawa, na hapa ndo vitabu vinaponyamaza. Kwenye shaba yale matabaka yaliyobanana yanapatikana kwa pande nne tofauti, kwa hiyo ukiigonga au ukiivuta iwe waya daima kuna upande ambao atomu zitateleza. Magnesiamu ina upande mmoja tu, ndo maana ukiikunja ikiwa baridi inapasuka mapema.

Halafu kuna hii dhana kwamba atomu za metali lazima zibanane mpaka mwisho. Hapana. Chuma kwenye joto la kawaida kiko kwenye asilimia 68, kila atomu ina majirani 8 wa karibu, (ile ya 52 ni adimu kabisa, kwenye elementi zote inajulikana kwa poloniamu), sasa ukikipasha kikafika nyuzi 912 za Selsiasi kinahamia mpangilio wa shaba, yaani kinasinyaa ghafla huku kinaendelea kupata moto. Na kwenye huo mpangilio uliobanana zaidi ndo kinameza kaboni nyingi zaidi, inaweza kufika kama asilimia 2 kwa uzito wakati ule mwingine haufiki hata 0.03. Mtu atauliza inakuwaje, si kumebanana? Jibu ni kwamba nafasi wazi kwa jumla ni ndogo ila imekusanyika kwenye matundu makubwa machache, huku kwenye asilimia 68 imetawanyika kwenye matundu mengi madogo ambayo kaboni inaingia kwa shida. Ndo maana mhunzi anakipasha mpaka kiwe chekundu halafu anakitumbukiza majini, kaboni inanasa humo haina pa kutokea na chuma kinakuwa kigumu. Hiyo peke yake ingetosha kumfanya mwanafunzi apende somo, lakini anapewa fomula na mchoro mmoja wa boksi lenye vidoti.

Ombi langu ni dogo, ukurasa wa sayansi wa gazeti lako uchore ile mipangilio miwili pembeni kwa pembeni, tabaka moja moja kwa rangi tofauti, na ya chuma chini yake kabla na baada ya nyuzi 912, na yale matundu yaonekane wazi.

Msomaji wako