Sanje ni kupanda mlima, waambieni watu ukweli

Ndugu Mhariri, naomba nafasi niongee na hawa wanaoandaa tripu za wikiendi kutoka hapa Dar kwenda maporomoko ya Sanje kule hifadhi ya milima ya Udzungwa.

Tangazo tulilotumiwa kwenye grupu lilisema kuogelea, picha na nyama choma tu. Mama mdogo wangu ana miaka 52, akalipia, akabeba kandambili na kanga maana ndo alichoelewa. Tumetoka Ubungo Ijumaa saa 4 usiku, zaidi ya kilomita 300, Morogoro, Mikumi, unakata kushoto kuelekea Kidatu, na kwenye kosta hakuna aliyelala kwa sababu mziki ulipigwa mpaka alfajiri, halafu saa 3 asubuhi tunaambiwa haya, twendeni juu.

Jamani maji ya Sanje yanaporomoka mita 170, sasa njia ya kuyafuata itakuwaje tambarare? Ni msitu, mizizi, mawe yenye unyevu, kwenda na kurudi kama masaa 4. Wengi wanaogopa kupanda ila mi nawaambia kazi iko kwenye kushuka, ukipanda pumzi ikikata unasimama inarudi, ukishuka magoti yakishaanza kutetemeka ndo yanatetemeka mpaka chini. Mama mdogo aliteleza mara mbili, ya pili akadondokea kiganja, mkono ukavimba. Mwandaaji wetu alishatangulia zamani na vijana wenye mbio. Tulibaki mimi na yule kaka mwongozaji wa hifadhi, akampa mama fimbo yake, akawa anamwambia taratibu, shuka kiubavu, angalia unapokanyaga tu. Mungu ambariki sana.

Na spika jamani. Msitu ule una mbega wekundu, na una ng'olaga, aina ya nyani ambao duniani kote wako kwenye milima ile tu na wanasayansi wenyewe wamewajua mwaka 1979, sisi tumepita na mziki hatujaona hata mkia.

Sisemi watu wasiende. Ukifika juu ukaona mashamba ya miwa ya Kilombero yote chini yako, halafu ukaingia kwenye yale maji ya baridi, unaelewa kwa nini watu wanarudi. Ila andikeni kwenye tangazo kwamba ni mlima, viatu viwe vya kushika ardhi, kila mtu abebe maji ya kutosha, na awepo mtu wenu wa kukaa nyuma na wanaotembea polepole. Na watu walale Mang'ula, mji mdogo ulio chini ya milima ile, usiku mmoja kwanza, gesti zipo, hata stesheni ya reli ya TAZARA ipo pale.

Mama mdogo mkono umepona na anataka kurudi, masika yakiisha na utelezi ukipungua. Kama kuna mwandaaji anayelaza watu Mang'ula kabla ya kupanda naomba ajitokeze hapa hapa gazetini, tuko wawili.

Msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam