Metali zifundishwe kwa vitendo, si kwa kukariri orodha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na walimu wenzangu wa kemia, wakuu wa shule na wazazi wa Dar es Salaam kuhusu namna tunavyowafundisha vijana wetu tabia za metali.

Mwanafunzi wa sekondari atakutajia bila kusita orodha ya metali kwa wepesi wa kumenyuka, yaani kubadilika kikemia zikikutana na vitu vingine: potasiamu hutangulia, ikifuatiwa na sodiamu, kalsiamu, magnesiamu, alumini, zinki, chuma, risasi, shaba, fedha na dhahabu. Ukimuuliza mpangilio huo ulipatikana kwa ushahidi gani, ananyamaza. Simlaumu, kwa kuwa orodha aliandikiwa ubaoni kabla hajaona metali hata moja ikimenyuka.

Ushahidi wenyewe si ghali. Msumari uliosuguliwa kwa msasa ukitumbukizwa katika maji ya mrututu (salfeti ya shaba), baada ya dakika chache huvaa utando mwekundu wa shaba, na ukiachwa hadi kesho yake, rangi ya buluu ya maji yale hufifia, kwa sababu chuma kimeyeyuka na kuisukuma shaba nje. Kisha mwalimu ageuze jaribio: waya wa shaba utiwe katika maji ya salfeti ya chuma. Hakuna kitakachotokea, na hapo ndipo kiini cha somo kilipo, maana mwanafunzi amethibitisha kwa macho yake kwamba chuma kiko juu ya shaba katika orodha. Mrututu ni sumu, hivyo mwalimu asimamie mwenyewe na mikono inawiwe vizuri.

Baada ya hapo somo litoke nje ya maabara. Upepo wa bahari unaovuma Kigamboni na Kunduchi hula chuma upesi, lakini bati lililopakwa zinki hustahimili hata likikwaruzwa, kwa kuwa zinki hutangulia kuliwa badala ya chuma.

Alumini inahitaji maelezo zaidi, nayo ndiyo huwachanganya wengi. Iko juu ya zinki, ila sufuria zetu hazitoboki kwa maji ya kila siku, kwa sababu hewa huijengea metali hiyo utando mwembamba mno wa oksidi (alumini iliyoungana na oksijeni) unaoikinga. Mpishi anayechemsha maharage kwa magadi ameshaona sufuria ikiwa nyeusi kwa ndani: magadi huushambulia utando huo. Mwanafunzi aliyekariri orodha tu hawezi kulieleza jambo hili, ingawa analiona jikoni kwao.

Orodha hiyohiyo inaeleza pia historia yetu. Wahaya wa Kagera waliyeyusha chuma kwa makaa ya miti karne nyingi kabla ya ukoloni, kwa kuwa kaboni ya makaa huweza kuipokonya madini ya chuma oksijeni yake. Mbele ya alumini, makaa katika tanuri ya namna ile hayafui dafu. Njia ya kuizalisha kwa wingi kwa nguvu ya umeme ilipatikana mwaka 1886 tu. Dhahabu ya Geita, kwa kuwa iko chini kabisa ya orodha, hukutwa mwambani ikiwa metali tayari.

Ninawaomba wakuu wa shule watenge fedha za misumari, msasa, waya wa shaba na chumvi hizo mbili kabla ya kununua chati nyingine ya ukutani, na ninawaomba watunga mitihani waulize sababu ya mpangilio, si mpangilio peke yake.

Mwalimu wa Kemia,
Temeke, Dar es Salaam