Mwanangu, usianze kwa kufungua rangi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Kifaru cha Sherman cha 1/35, yaani mfano wa plastiki wa kifaru cha vita cha Marekani uliopunguzwa mara 35, ulichokichagulia shindano kimekaa miaka mingi kikiwa kimejengwa nusu, na mwezi mmoja uliopewa unatosha kukimaliza. Ila rangi iache kwanza. Kitu kilichokaa muda mrefu kina hitilafu zake, na ukizifunika kwa rangi zitajitokeza juu ya kazi yako ukiwa karibu kumaliza.

Shika kila kipande, kitikise taratibu. Supagluu ya zamani hukauka ikawa dhaifu, ndiyo maana vishikio na taa hung'oka mtu anapoanza kusugua. Kinachocheza king'oe sasa, kwangua gundi ya zamani kwa ncha ya kisu, ukibandike upya kwa gundi ya plastiki. Halafu kagua minyororo. Ikiwa ni ile laini ya vinili na ilifungwa kwenye magurudumu muda wote huo, tazama pale inapogusa: kilainishi kilichomo kwenye vinili huhamia polepole kwenye plastiki ngumu na kuiyeyusha, gurudumu likabaki na makovu. Yajaze puti, piga msasa namba 400, kisha 800. Magurudumu ya chini ni 12 tu, sita kila upande, na panapokanyaga mnyororo hapaonekani. Usipoteze siku nzima hapo.

Vumbi lipanguse kwa brashi kavu kabla ya maji. Kisha osha kwa maji ya vuguvugu yenye matone machache ya sabuni ya vyombo, kwa sababu rangi haishiki penye mafuta ya vidole. Maji ya moto hupinda vipande vyembamba. Kiache kikauke usiku kucha, maana maji hujificha ndani ya bodi na kuchuruzika wakati unapaka.

Utatamani kuivua rangi ya zamani yote. Mimi nakushauri usifanye hivyo kama ni nyembamba na imeshika vizuri. Lainisha madonge kwa msasa wa 1000, inatosha. Ivue tu ikiwa imeziba mistari ya milango na vichwa vya boliti. Akriliki hulainika kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi: jaribu kwanza tumboni mwa kifaru, kisha sugua kwa mswaki laini. Vaa glovu, fungua madirisha, kaa mbali na moto. Asetoni usiiguse kabisa, huyeyusha plastiki yenyewe.

Praima, yaani rangi ya msingi, ya kijivu ya kupuliza ishike umbali wa sentimita 20 hadi 25. Anza kupuliza pembeni mwa kifaru, kipitie, malizia upande wa pili. Ukikaribia mno rangi hutiririka. Ukiwa mbali mno hukauka ingali hewani na kutua ikiwa punjepunje, ukapata uso mkavu kama msasa. Siku yenye unyevu mwingi iahirishe. Tabaka mbili nyepesi, kisha saa 24 bila kugusa.

Rangi ya Sherman za Marekani ni kijani cha zeituni kinachoelekea kahawia. Kwenye kitu kidogo rangi hiyo huonekana nzito kuliko ilivyo kwenye kifaru halisi, kwa hiyo ongeza kidogo ya rangi ya mchanga, kama sehemu moja kwa nne. Kwa brashi, punguza rangi kwa thina yake, sehemu mbili za rangi kwa moja ya thina, upake tabaka tatu nyembamba. Palipoanza kukauka usipitishe brashi tena. Rangi huchanika na kuacha michirizi.

Minyororo ndiyo itakayowasimamisha waamuzi. Wengi huipaka fedha tupu, nayo inakuwa kosa, kwa kuwa Sherman nyingi zilikuwa na minyororo yenye matofali ya mpira. Kama yako ni ya aina hiyo, mpira upake kijivu cheusi, na mng'ao wa chuma uweke kwenye viungio vya pembeni tu. Ya chuma ndiyo inayong'aa pale inapokanyaga ardhi. Matairi ya magurudumu nayo ni mpira: yapake kijivu kizito, usitumie nyeusi ya chupani moja kwa moja.

Sasa vanishi inayong'aa, kabla ya stika za maji, zile alama zinazoloweshwa majini ndipo zibandikwe. Ukiiruka, hewa hunaswa chini ya stika na nyota nyeupe hubaki na ukingo wa fedha. Stika zilizokaa sana hupasuka zikiingia majini, basi jaribu ile usiyoihitaji kwanza. Ikipasuka, zilizobaki zipake vanishi, ziache zikauke, ndipo uzikate moja moja.

Kivuli cha mistari kipate kwa rangi ya mafuta ya kahawia nzito iliyochanganywa na tapentaini isiyo na harufu. Gusisha ncha ya brashi kwenye mstari, iache itambae yenyewe, futa ziada baadaye kwa kijiti cha pamba. Usiimwage: tapentaini ikifika kwenye plastiki iliyo wazi, hasa kwenye maungio yaliyolazimishwa, hupasua. Kwa mikwaruzo, kumbuka kwamba milimita 1 yako ni sentimita 3.5 kwenye kifaru halisi. Nukta ndogo kuzunguka milango ya askari zinatosha.

Vanishi isiyong'aa huja mwisho. Siku zikikubana, acha kupaka matope ya kuigiza, lakini vanishi hiyo usiiache. Na kabla hujafunga minyororo, nipigie picha ya viungio kwenye mwanga wa mchana, nikuambie kama chuma kimezidi.

Mama yako