Farasi mmewahesabu, matairi je?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako. Mimi ni fundi matairi hapa Cheyo, Tabora, mwaka wa 22 sasa. Ukurasa wenu wa magari wa Jumamosi niliusoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimevaa miwani, maana nilidhani kuna kitu nimeruka. Gari la spoti mmelipamba kweli: nguvu za farasi, tabo, sekunde za kufikia kilomita 100 kwa saa, mpaka rangi ya nyuzi zilizoshonea viti. Tairi halikupata hata mstari mmoja.

Sasa hao farasi wote wanakanyaga wapi? Siku moja kazi ilikuwa haba, nikapaka unga kwenye tairi la gari la mteja, nikalishusha kwa jeki juu ya boksi nililolitandaza chini. Alama iliyobaki kwenye boksi niliifunika kwa daftari la shule la mwanangu, na daftari likazidi. Mara nne ya hapo ndiyo gari zima.

Kilichonisukuma kuandika ni kijana mmoja aliyekuja kwangu mwezi Januari na Subaru Impreza yenye tope mpaka kwenye vitasa. Alikuwa anatoka Nzega, mvua ikamkuta njiani, na kwenye kona ambayo malori ya mizigo yanapita bila taabu, gari likaiacha lami likaenda kusalimia majaruba ya mpunga. Mwenyewe mzima, Alhamdulillahi, viatu mkononi. “Mzee, breki zimenisaliti,” akaniambia. Breki nilizikagua, hazina kosa. Nikainama kwenye matairi, na kabla sijauliza akaanza kuyasifu: ni ya rasi, yaani ya mashindano, kayanunua Dar es Salaam ya mtumba, na muuzaji kamwambia hata mvua inayaogopa.

Yalikuwa ya rasi kweli, hapo hakudanganywa. Mifereji michache, kashata (vile vipande vya mpira vinavyokanyaga lami) kubwa laini, kina kimebaki kama milimita 3. Pembeni yameandikwa 200 kama kipimo cha uchakavu, namba inayokadiria tairi litadumu kiasi gani. Kwenye kile kiduara kirefu kinachofuata herufi DOT, tarakimu nne za mwisho zilikuwa 0914. Hizo husomwa mbilimbili: wiki ya 9, mwaka 2014. Nikamwuliza mwaka 2014 yeye alikuwa darasa la ngapi. Akacheka, lakini si sana.

Mpira wa tairi la mashindano umepikwa ukingoje joto. Dereva akizunguka uwanja mara mbili tatu kwa kasi, breki na kona zinaupasha, unashika lami kama ulimbo. Ukiwa wa baridi haujaamka bado. Sasa mtu anayetoka Nzega saa kumi jioni, mvua inamwagika, tairi linaoshwa maji kila mzunguko, joto hilo atalitoa wapi? Halafu mifereji yenyewe ni michache kwa makusudi, ili mpira mwingi uguse lami kavu. Maji yanakosa pa kukimbilia, tairi linayapanda kama mtumbwi, na hapo usukani unakuwa mwepesi kama wa gari la kuchezea watoto. Ongeza umri: mpira uliokaa miaka unakakamaa hata kama kashata bado inaonekana. Kwa hiyo yule kijana alilipa bei ya tairi laini akapewa gumu.

Wapo watakaosema mzee huyu ana wivu, hajui mambo ya uwanjani. Basi nimlete mpwa wangu. Yuko Ujerumani, na akipata nafasi huenda Nürburgring, uwanja wa mbio za magari, kwenye ile njia ya Nordschleife yenye urefu wa kilomita 20.8, ambako mtu wa kawaida analipia na kuingia na gari lake mwenyewe. Akinipigia simu, baada ya shikamoo mjomba ni matairi mpaka salio liishe. Nilimwuliza yeye anavaa nini huko, nikitegemea aniambie Michelin Pilot Sport Cup 2, tairi la uwanjani, ambalo kipimo chake cha uchakavu ni 180. Hapana. Gari lake analoendea kazini Jumatatu ndilo hilo hilo la uwanjani, kwa hiyo anafunga Pilot Sport 4S, lenye 300. Njia ile ni ndefu kiasi kwamba upande huu kunaweza kuwa na jua na upande wa pili mvua, na akimaliza anarudi nyumbani na matairi yale yale. Anapoteza sekunde, anakubali. “Mjomba, sekunde hizo hakuna anayenilipa.”

Hizo namba za uchakavu zinatokana na utaratibu wa Marekani; kadiri inavyokuwa kubwa ndivyo tairi linavyotarajiwa kudumu. Ila kiwanda hujipimia chenyewe, hivyo linganisha namba za kiwanda kimoja, usichukue 200 ya huyu ukaishindanisha na 220 ya yule.

Jambo jingine alilonieleza mpwa wangu nami nimelishika ni la upepo. Mtu anaingia uwanjani na PSI 32 (PSI ni kipimo cha upepo wa tairi), tairi linachemka, upepo unapanda labda mpaka 40, anaupunguza ili gari lishike vizuri. Sawa. Jioni tairi limepoa, kumbe limebaki na 25, na bwana ameshapakia begi anashika njia ya kurudi na abiria watatu. Tairi lenye upepo mdogo linajikunja kila mzunguko, linajipikia moto lenyewe kwa ndani, linapasuka. Angebeba pampu ndogo ya kuchomeka kwenye gari akaurudisha upepo; haichukui hata nusu ya nafasi ya begi hilo.

Nikiwa hapo hapo, niseme pia kuhusu magari yanayoshuka kutoka Japani na matairi yake. Ukiona neno STUDLESS ubavuni, na kashata zimechanjwa vijistari vyembamba kama vya wembe, hilo ni tairi la barafu. Vijana wanadhani ni la spoti. Kwa joto la Tabora la mwezi Oktoba linaisha kama sabuni ya kipande.

Na wenye Subaru za kuendesha magurudumu yote manne wasinunue tairi moja moja. Tairi jipya na lililoisha havina mzingo mmoja, basi difu ya katikati (gia inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma) inafanya kazi hata gari likienda moja kwa moja, na inachemka. Mteja aliyeokoa pesa ya matairi matatu namfahamu, na difu yake naifahamu pia.

Yule kijana tulimaliza hivi. Alikuwa na 215/45R17. Ubavu wake ni asilimia 45 ya upana wa milimita 215, kama milimita 97 tu. Kwake anapoishi si lami, ni mawe na mashimo, na rimu mbili zilishapinda. Breki zake kwa bahati zinakubali rimu ya 16 (breki kubwa zaidi hazikubali, pima kwanza), tukaenda 205/55R16 91V. Ubavu ukawa kama milimita 113, na urefu wa tairi zima haukubadilika hata kwa milimita 7, kwa hiyo spidomita haidanganyi sana. 91 maana yake kila tairi linabeba kilo 615, V ni kilomita 240 kwa saa. Alitaka W, ya 270. Nilimwuliza atafikaje huko wakati trafiki na tochi yake anamsubiri kwenye kibao cha 50. Siku akienda uwanjani kweli, anunue rimu nne za pili na matairi ya kule, anifuate nimfungie bure.

Mhariri, mkiandika tena gari la namna hii, tajeni saizi ya tairi, namba zake na wiki lilipotengenezwa. Nafasi mtaipata, punguzeni viti.

Yale manne ya 0914 niliyakata ubavu kwa msumeno siku ile ile. Jioni akaja mwingine na Altezza, akayaona yamelala ukutani, akayageuza geuza. “Mzee, hata haya mawili ambayo hayajakatwa sana?” Nikamwambia achukue yote akapandie mchicha.

Fundi matairi,
Cheyo, Tabora