Gesi ya samadi isafishwe kwanza, ndipo tuzungumze kuhusu mitungi

Mhariri,

Mimi ni fundi wa mitambo ya bayogesi, yaani gesi inayotokana na samadi na taka. Kazi hii imenizungusha kutoka Kisumu hadi Kakamega na Bungoma kwa miaka kumi na minne, na karibu kila boma ninaloingia naulizwa swali moja. Juzi aliniuliza mama mmoja wa Mumias mwenye ng'ombe watano. Alikuja na mtungi mtupu wa kilo 6 akauweka miguuni pangu. "Fundi," akasema, "huku nyuma gesi imejaa hadi mfuko umevimba. Mbona usinijazie huu nimpelekee binti yangu Kisumu?"

Nilikaa naye kwenye kigoda nikamfafanulia. Gesi tunayonunua dukani ni mchanganyiko wa propani na butani. Hizo ukizibana kidogo, tuseme presha ya mara nane ya hewa ya kawaida, hugeuka kimiminika. Tikisa mtungi wako utasikia kinacheza ndani. Methani, ambayo ndiyo moto wa bayogesi na ndiyo gesi asilia yenyewe, haina tabia hiyo. Kwa joto letu hili, ibane utakavyo, itabaki hewa. Haikubali kuwa kimiminika mpaka ipoozwe kupita nyuzi 82 chini ya sifuri. Mtungi wa kilo 6 una nafasi ya lita 14 hivi. Ukisukuma bayogesi ndani kwa presha hiyo ya mara nane, utapata lita kama 115, na jiko la bayogesi hula lita 200 hadi 400 kwa saa. Binti angepika chai, pengine na ugali mmoja, mtungi ukaisha. Sisemi hatari ya kuchezea vali za mtungi ambao haukutengenezewa gesi hiyo.

Mama alinielewa mara moja. Lakini wiki mbili zilizopita nilihudhuria kikao cha wananchi hapa mjini Kisumu kuhusu mradi mmoja wa kutengeneza gesi kutokana na gugumaji, lile gugu linaloelea ziwani, na taka za soko, na huko sikueleweka. Mchoro uliobandikwa ukutani ulikuwa na tangi kubwa, pampu, bomba, na upande wa kulia mitungi imepangwa kwa safu. Kati ya tangi na mitungi hapakuwa na chombo chochote. Palikuwa na mshale. Nilipouliza mshale ule ni mashine gani na umetengewa pesa ngapi, niliambiwa hayo ni mambo ya baadaye. Kilichonileta kwenye ukurasa wako, Mhariri, ni huo mshale.

Gesi inayotoka kwenye tangi la samadi au taka si methani tupu. Methani huwa asilimia 55 hadi 65. Karibu yote inayobaki ni hewa ya ukaa, isiyowaka hata kidogo, pamoja na mvuke wa maji na gesi ya salfa, ile inayonuka mayai viza. Kwa hiyo katika kila mifuko kumi ya bayogesi unayobeba, karibu minne unabeba mzigo usiopika chochote. Jikoni si neno, moto unapungua nguvu lakini chakula kinaiva. Ukitaka kuibana kwenye mtungi mnene wa chuma kwa presha ya mara 200 ya hewa, ambayo ndiyo njia ya kubeba methani barabarani, hapo unalipia umeme wa kubana takataka, na maji na salfa vinaanza kula chuma kutoka ndani.

Hata gesi inayotoka ardhini ina shida hii. Majirani zetu Watanzania walibahatika: gesi ya Songo Songo hutoka kisimani ikiwa methani karibu tupu. Natuna, kule Indonesia, kuna hazina kubwa ya gesi iliyogunduliwa tangu miaka ya 1970, lakini zaidi ya theluthi mbili yake ni hewa ya ukaa, na hilo limeikwamisha kwa miongo. Njia ya zamani ya kuitenga ni kuiosha kwa kemikali ya amini kwenye minara mirefu, kisha kuichemsha kemikali ile ili itumike tena. Ni kazi ya kiwanda kikubwa. Kuanzia miaka ya 1980 ikaingia njia nyingine, ya utando, na hii ndiyo naiona inatufaa sisi wenye gesi kidogo kidogo huku magharibi.

Ukitaka kuelewa utando, chukua tyubu ya baiskeli. Ijaze, itundike ukutani, usiiguse. Baada ya wiki kadhaa imelegea, na ukiizamisha majini hutaona tundu hata moja. Hewa imepita kwenye mpira wenyewe. Mwaka 1866 Mskoti Thomas Graham alieleza jinsi inavyokuwa: gesi huyeyuka kwenye mpira upande mmoja, ikasafiri ndani yake, ikatokea upande wa pili. Na gesi hazisafiri kwa kasi moja. Ujaze ile tyubu kwa hewa ya ukaa badala ya hewa ya pampu, italegea mapema zaidi.

Utando wa kusafishia gesi umejengwa juu ya jambo hilo hilo. Plastiki maalumu hutengenezwa iwe nyuzi zenye uwazi katikati kama tambi za makaroni, nyembamba kuliko mrija wa kalamu, na maelfu kwa maelfu hufungwa pamoja ndani ya bomba moja. Gesi chafu inasukumwa ndani kwa presha. Punje ya hewa ya ukaa ina upana wa nanomita 0.33 na ya methani 0.38, na nanomita ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni. Pengo ni dogo ajabu, ila hewa ya ukaa pia huyeyuka kwenye plastiki hizo kwa urahisi kuliko methani, na mambo hayo mawili yakijumlishwa inapenya kwa kasi ya makumi ya mara. Mvuke wa maji nao hupenya. Methani inabaki ndani ya nyuzi, inasonga mbele hadi mwisho wa bomba, na inatoka bado ina presha yake. Hakuna kemikali wala mnara, na mtambo mzima huingia kwenye kontena la mizigo. Kusafisha mita moja ya ujazo hula kama robo yuniti ya umeme, ilhali mita hiyo imebeba joto la yuniti 6 hivi.

Sasa mbona sikuondoka kikaoni nikiwashauri wakanunue utando kesho? Kwa sababu utando ni kama mgeni mwenye tumbo dhaifu. Mafuta ya kompresa, ile mashine ya kubana gesi, yakipenya yakafunika zile nyuzi, kazi imeisha. Maji ya matone yakiingia, vivyo hivyo. Na salfa inakula kompresa kabla gesi haijafika kwenye utando wenyewe.

Haya ya salfa nimeyashika kwa mikono. Kuna shule moja ya bweni, katika kaunti jirani, ilisaidiwa kujenga tangi zuri la samadi na maji ya vyoo, kisha ikanunuliwa jenereta ya kutumia gesi hiyo. Hakuna aliyepanga pesa za kuondoa salfa. Nilipoitwa, jenereta ilikuwa haijamaliza mwaka. Nilifungua boliti ya chini, mafuta yakatoka meusi mazito yenye harufu kali iliyonibana koo. Beringi zilikuwa na vishimo kama sukari guru iliyoliwa na siafu. Kichomeo cha shaba nyeupe kutoka jikoni, ambacho bado ninacho nyumbani, kimetobolewa mpaka unapitisha msumari mahali ambapo awali hapakuwa na tundu. Kipimo changu cha gesi kiligonga mwisho wake, sehemu 2,000 kwa milioni. Wanafunzi walirudi kwenye kuni, na gesi sasa inafunguliwa iende zake usiku ili tangi lisipasuke. Huo ndio mwisho mbaya kuliko wote, maana methani ikiachwa hewani hupasha dunia joto takribani mara 28 kuliko hewa ya ukaa, ukipima kwa miaka 100. Na wenye kuhudumia matangi hayo wajue: salfa ikizidi, pua hufa ganzi, unaacha kuinusa ilhali imekuzunguka. Harufu kupotea si dalili ya usalama.

Dawa yake haina ughali. Vinyoleo vya chuma kutoka kwa mafundi wa jua kali, vikiachwa vishike kutu, vikapakiwa kwenye bomba ambalo gesi inapitia, hunasa salfa vizuri. Vikishiba vinakuwa vyeusi, unavitoa nje vipumue, vinarudi kuwa vyekundu. Vitolewe taratibu na vilowe maji, kwani hupata joto na vinaweza kuwaka. Kisha mtego wa maji kwenye sehemu ya chini kabisa ya bomba, na mkaa maalumu wa kumalizia. Nimewafungia wakulima kadhaa, na mwenye bidii ya kubadilisha vinyoleo jiko lake halijawahi kunirudisha.

Niseme jambo ambalo wauzaji wa mashine hawatalipenda. Anayechoma gesi yake pale pale kwenye injini ya umeme hahitaji utando. Injini inavumilia hewa ya ukaa. Ondoa salfa na maji, basi. Utando ni wa anayetaka kuibana gesi na kuisafirisha, na hilo halifai kwa boma la ng'ombe watano. Linafaa pale gesi inapokusanyika: chama cha ushirika cha maziwa, kichinjio, viwanda vya sukari vya ukanda wa Kibos, Chemelil na Muhoroni. Hata gugumaji ninalitilia shaka likiwa peke yake, maana sehemu kama 95 kati ya 100 za gugu hilo ni maji. Lichanganywe na samadi na taka za soko.

Na pale utando utakaponunuliwa, usinunuliwe wa hatua moja, yaani wa kupitisha gesi mara moja tu, kwa kuwa ni rahisi. Utando wa hatua moja hupitisha methani nyingi pamoja na hewa ya ukaa, ikapotea. Mitambo ya hatua tatu hurudisha ile iliyoponyoka, na huokoa zaidi ya asilimia 99 ya methani. Mkataba uandike asilimia hiyo, na mtambo upimwe kwa kifaa kabla muuzaji hajalipwa. Hata ile hewa ya ukaa ina mnunuzi ikisafishwa vyema. Kereita, kule Kiambu, wanaichimba ardhini na kuiuza kwa watengeneza soda.

Rwanda wanachota methani ya Ziwa Kivu, na mtambo wao mmoja unazalisha megawati 26 tangu mwaka 2016, na wao huiosha kwa maji, kwani hewa ya ukaa huyeyuka majini kwa wepesi. Kwa hiyo sing'ang'anii utando kana kwamba ni dini. Ninachong'ang'ania ni kwamba Rwanda hawakuchora mshale. Kusafisha kulikuwa kwenye hesabu tangu siku ya kwanza.

Ninawaomba wanaoandaa mradi wa hapa mjini, na wafadhili wao, waandike kwenye bajeti mistari mitatu kabla ya ule wa tangi: wa kuondoa salfa na maji, wa kutenga hewa ya ukaa, na wa mshahara wa mtu atakayepima gesi kila wiki. Pesa zikipungua, wapunguze ukubwa wa tangi. Kikao kingine kimepangwa mwisho wa mwezi. Nitafika mapema nikiwa na kipimo changu pamoja na kile kichomeo cha shule, nikiweke mezani chini ya ule mchoro, kila mtu akishike.

Fundi wa bayogesi,
Kisumu