Kabla hujahamia maji ya chupa

Mama Salma, shoga yangu,

Salamu nyingi, na umbusu Salma kwa niaba yangu. Barua yako imenifikia. Unasema tangu usikie habari za plastiki kwenye maji ya bomba usingizi umekupaa, na sasa unataka nyumba nzima ihamie maji ya chupa. Ngoja kwanza.

Huko unakokimbilia ndiko chembe za plastiki zilikojaa. Mwaka 2018 watafiti wa chuo kikuu kimoja cha Fredonia, jimbo la New York, walipima chupa 259 kutoka nchi 9, na asilimia 93 zilikutwa na chembe za plastiki. Na hapo vifaa vyao havikuwa na uwezo wa kuona zile ndogo kabisa. Mwaka 2024 wenzao wa Chuo Kikuu cha Columbia wakaja na miale ya leza, wakahesabu chembe kama 240,000 kwenye lita moja. Nyingi kati ya hizo ni nanoplastiki: ukizipanga elfu moja kwenye mstari, hazitimizi milimita moja. Ila kilichonichekesha, kicheko cha uchungu, ni kwamba nailoni ilikuwa nyingi kuliko hata plastiki ya chupa yenyewe, na wanadhani inatoka kwenye vichujio vya kusafishia hayo maji! Halafu kila ukifungua na kufunga, kifuniko kinasuguana na shingo ya chupa na kumwaga vumbi lake.

Sisemi ya bomba hayana. Yanayo. Nguo za poliesta zikifuliwa zinaacha nyuzi, matairi yanasagika barabarani, mifuko inapasukapasuka juani, na vyote hivyo mwisho wake ni mtoni. Lakini Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2019 kwamba mitambo ya kawaida ya kusafisha maji ya kunywa inaweza kuondoa hata chembe ndogo kuliko sehemu ya elfu moja ya milimita, na likasisitiza kuwa vijidudu vya maradhi ndivyo vya kuogopwa kwanza. Kwa hiyo usije ukaacha kuchemsha maji kwa sababu ya plastiki.

Tena kuchemsha kwenyewe kunasaidia. Watafiti wa Guangzhou, China, walionyesha mwaka 2024 kwamba maji magumu, yaani yenye chokaa nyingi, yakichemka dakika 5, chokaa iliyomo inaganda na kuzifunga chembe ndani yake. Yakipoa na kuchujwa, sehemu kubwa ya plastiki inabaki kwenye ule unga mweupe. Kwa maji magumu sana ilifika hadi asilimia 90. Kwa maji laini ni kama robo tu. Basi yaache yatulie, mimina taratibu kupitia kitambaa safi cha pamba, na tone la mwisho lenye weupe limwage.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni chupa ya Salma. Mwaka 2020 watafiti wa Dublin, Ayalandi, walipima chupa za watoto za polipropilini, aina ya plastiki, wakaona zinatoa chembe kwa mamilioni kwenye lita moja, na kadiri maji yalivyokuwa ya moto ndivyo zilivyozidi. Wewe unamimina maji ya moto humo humo, unatia maziwa ya unga, unatikisa kwa nguvu. Nimekuona! Chemsha kwenye birika la chuma, koroga maziwa kwenye bakuli la kioo, yakishapoa ndipo uyatie kwenye chupa. Ukipata chupa ya kioo, bora zaidi.

Umeniuliza kama zinaua. Madaktari wa Italia waliwafuatilia wagonjwa waliosafishwa mshipa wa shingo: wale ambao mafuta yaliyotolewa mshipani yalikutwa na plastiki walikuwa na hatari ya kupatwa na mshtuko wa moyo, kiharusi au kifo mara nne na nusu ya wenzao. Hilo halithibitishi kuwa plastiki ndiyo iliyofanya, wala kwamba ilitoka kwenye maji. Mimi lakini limenitosha kutoa madumu ya plastiki yaliyokuwa yakishinda juani na kuweka mtungi.

Ukijibu, niambie birika lenu linaganda weupe chini au la. Kama haligandi, maji yenu ni laini, kuchemsha peke yake hakutawafikisha mbali, na itabidi tuzungumze habari za chujio.

Wako,
Mama Idi